Maji ya AC na Mkamelia wa Bi Zuwena

Nyinyi mnaopanga kwenda Dubai kufanya kazi ya bustani, msidanganywe na picha. Kule hakuna udongo. Kuna mchanga, kuna chumvi, na kuna tajiri ambaye ameona ua kwenye simu yake na analitaka kabla ya Ramadhani. Kazi yenu itakuwa kusimama katikati ya mambo hayo na kusema inshallah. Mimi niliifanya mpaka magoti yakakataa. Sasa nimerudi kwetu Kwale, na vijana wa hapa wakiniuliza Dubai kulikuwaje nawaambia kulikuwa na joto. Wanataka habari za magorofa. Mimi sikuwahi kumwagilia gorofa.

Nilianza kwa aibu, kama mtakavyoanza nyinyi. Nyumba ya kwanza niliyopewa na kampuni ilikuwa na uwanja wa nyasi za kijani mbele ya mlango, na kila asubuhi nilizimwagilia kwa bidii. Nikaona hazikui. Nikazitia mbolea. Madam wa nyumba alikuwa akinitazama dirishani akiwa na kikombe chake cha kahawa, hasemi kitu, mpaka siku aliyonikuta nimepiga magoti natafuta mizizi. Nyasi zilikuwa za plastiki. Alikuwa ameshawaonyesha video yangu dada zake wote.

Basi hapo ndipo nilipojifunza kugusa kitu kabla ya kukihudumia. Ingiza kidole kwenye udongo mpaka pingili ya pili. Ukikuta unyevu, ondoka, nenda kafanye jambo lingine. Vijana wengi huua mimea kwa maji kwa sababu wanaogopa kuonekana wamesimama bure, na mpira wa maji ukiwa mkononi kila mtu anaamini unafanya kazi.

Lakini nilitaka kuwaeleza habari za mti mmoja. Unaitwa mkamelia. Ni kichaka cha majani mazito yanayong'aa, hakipukutishi majani mwaka mzima, na kinachanua wakati wa baridi. Asili yake ni nchi za mvua na ukungu. Ni ndugu wa mchai, kwa hiyo aliyepita Kericho akatazama mashamba ameshaona jamaa zake. Kuupanda Dubai ni ukaidi, na ukaidi huo haukuwa wangu.

Ulikuwa wa marehemu Bwana Said, mtu wa asili ya Unguja aliyekuwa na duka la viungo Al Ras. Aliuona mche huo kwenye duka la mimea, una kibandiko chenye picha ya ua jekundu, akamletea mkewe Bi Zuwena nyumbani kwao Al Baraha. Akamwambia, huu utakuchanulia wakati wa baridi, wakati asumini yako imelala. Mwaka uliofuata akafariki, na mti haukuwa umetoa hata tumba moja. Mimi niliajiriwa baada ya msiba. Bi Zuwena alinionyesha ua wa nyumba, akanionyesha mwarobaini, vyungu vya asumini na rehani, halafu akanipeleka kwenye kile kichaka akasema, "Huu ndo uliokuleta hapa, Hamisi. Mingine yote najua kuitazama mwenyewe."

Nyumba yao ilikuwa ya zamani, ya chini, imezungushiwa ukuta mrefu kuliko mtu. Kwa mkamelia, ukuta huo ulikuwa neema. Upepo wa shamal ukija na vumbi lake ulipita juu ya vichwa vyetu. Ukuta wa magharibi ulitupa kivuli kuanzia adhuhuri, na mti ulisimama hapo hapo chini yake, kwa hiyo ulipata jua la asubuhi peke yake. Mkitaka kupanda kitu dhaifu katika nchi kali, tafuteni kwanza ukuta wa namna hiyo, mche uje baadaye.

Pamoja na ukuta huo, mti ulikuwa unakufa. Majani yalikuwa ya manjano, mishipa tu ndiyo imebaki kijani. Mtu mmoja akaniambia mkamelia unapenda udongo mchachu, na kwa kuwa ni ndugu wa mchai, niutilie majani ya chai yaliyokwisha kupikwa. Nikaona hilo ni rahisi. Kila jioni nilipita mkahawani nikachukua makapi yao yote kwenye mfuko, nikayatandaza shinani. Nilisahau kwamba chai ya mikahawa ya kule ni karak. Inachemshwa pamoja na maziwa, sukari na iliki. Baada ya muda mfupi ua wote ulinuka maziwa yaliyolala, sisimizi wa mtaa mzima walihamia kwetu, na paka wakawa wanalala juu ya shina. Grace, dada wa kazi wa mle ndani, Mkenya mwenzangu wa Nakuru, aliniuliza kama nimefungua hoteli.

Aliyeuokoa mti ni Mzee Kutty. Alikuwa Mhindi wa Kerala niliyefanya naye kazi kwenye kampuni, mtu mfupi, mchache wa maneno, aliyekuwa akiongea nami Kiarabu cha kubomoka kwa kuwa hatukuwa na lugha nyingine ya kugawana. Nilimwomba aje Ijumaa. Akachukua maji ya bomba kwa kiganja, akayaonja, akatema. Akatazama ukuta, akatazama mti. Kisha akaonyesha kidole juu ya dirisha la Bi Zuwena, pale mpira mdogo wa AC ulipokuwa ukidondosha maji sakafuni, tone baada ya tone, kama ulivyokuwa ukifanya tangu nifike pale.

"Moya hadha," akasema. Maji ni haya.

Maji ya AC hutoka hewani. Mashine inakamua unyevu wa chumba na kuumwaga nje, hayana chumvi wala chokaa, ni kama mvua. Kila nyumba ya upande wetu wa Deira inayamwaga barabarani, watu wanayakwepa wakitembea, na mimi nilikuwa nayafagia kila asubuhi. Tukachimba shimo pana kuuzunguka mti, tukautoa mchanga, tukajaza mboji nyeusi ya mifuko iliyochanganywa na maganda ya miti. Kutty akanikataza kufukia shina, akanikataza kulima karibu, kwa sababu mizizi yake iko juu juu, na akanikataza kabisa kurudi mkahawani. Halafu akanywa chai ya Bi Zuwena na kwenda zake.

Tangu hapo ndoo yangu ilikaa chini ya mpira wa AC. Majani yakarudi kijani, taratibu. Ila kuna jambo ambalo ningependa mlifikirie kabla sijalisema. AC hutoa maji mengi kiangazi, wakati inawaka mchana kutwa. Baridi ikija, watu wanazima, wanafungua madirisha, wanasema alhamdulillahi. Na baridi ndipo mkamelia unapobeba tumba, ndipo ukikosa maji kidogo tu hukasirika na kuziangusha zote. Kiangazi maji yanazidi mahitaji, baridi yanaondoka wakati unayataka. Kwa hiyo nilinunua mapipa ya bluu, yale yanayoletewa mafuta ya kupikia, nikayaosha, nikayapanga kivulini, nikawa naweka akiba ya kiangazi kwa ajili ya baridi. Juu nilifunga kitambaa ili mbu wasizaliane. Bi Zuwena aliyaita kisima.

Msimu mmoja ukapita, na mwingine. Mti ulinenepa, haukuchanua. Mwaka ule nilipoona vitumba vya kwanza, vya kijani, vigumu kama mbaazi mbichi, sikumwambia mtu mpaka nilipohakikisha si machipukizi ya majani. Kisha nikamwita Bi Zuwena. Alivigusa kwa ncha ya kidole, akarudi ndani. Baadaye Grace akaniambia amemkuta anaswali nje ya wakati.

Na mwaka huo huo nyumba ikauzwa.

Nassor, mwana wa Bi Zuwena, ndiye aliyeuza. Msimchukie haraka. Baba yake alimwachia duka la Al Ras na madeni ya dukani, nyumba ilikuwa inapasuka, ndugu zake wote walikwisha hamia kwingine, na alikuwa amemwandalia mama yake fleti nzuri karibu na Al Rigga, yenye lifti na daktari chini. Aliyenunua kiwanja alikitaka kitupu mwisho wa Januari. Bi Zuwena alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho, akamjibu, "Sihami mpaka nilione ua la baba yako."

"Mama, tutauhamisha mti."

Wote wawili wakanitazama. Nikasema ukweli, kwamba mti uliobeba tumba ukiung'oa utazimwaga zote, na huenda usipone kabisa.

"Umemsikia," akasema Bi Zuwena.

Nassor alinifuata nje. Alikuwa mpole, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Yeye ndiye aliyekuwa kafeel wangu, visa yangu ilikuwa mkononi mwake, na wote tulijua bila kukumbushana.

"Hamisi, mama hatoondoka hapa kwa hiari," akasema. "Nyumba itamwangukia. Nami nimeshatia saini. Sikuombi ufanye lolote. Acha tu kuumwagilia."

"Inshallah, sir," nikasema.

Inshallah yangu siku ile haikuwa na maana yoyote. Niliendelea kumwagilia. Msidhani nilikuwa shujaa au nilikuwa namtetea mjane. Nilimhurumia, ndiyo, na visa niliiogopea, lakini zaidi ya yote nilitaka kuliona lile ua. Mtu aliyelea mti tangu uko mgonjwa hupatwa na uchu huo, nanyi utawapata.

Wiki chache baadaye Nassor alileta vibarua kuondoa makochi ya zamani na makabati. Nilikuwa nimekwenda Al Ras kununua kamba. Niliporudi sakafu ya ua ilikuwa imelowa kutoka ukuta hadi ukuta, na mapipa yamelazwa kwenye lori, matupu.

"Wamemwaga maji yako yote, Mzee Hamisi," Grace akasema. "Mi nimejaribu kuwaambia. Wakasema arbab wao, Nassor, amesema khalas, kila kitu kiende."

Leo najua kwamba maji ya bomba kwa muda mfupi yasingeua mti uliokwisha kupata nguvu, na kuna maji ya betri, yasiyo na chumvi, yanauzwa kila kituo cha mafuta. Siku ile hakuna aliyefikiria hivyo. Sote watatu tulisimama tukitazama ule mpira wa AC juu ya dirisha, mkavu, una vumbi mdomoni. Bi Zuwena alijifunga mtandio wake vizuri.

"Iwasheni," akasema.

Ilikuwa Januari. Watu wa Dubai huvaa majaketi Januari. Tukawasha AC ya chumbani kwake mpaka mwisho, tukangoja, na mpira ukatoa matone machache ukanyamaza, kwa sababu hewa ya msimu ule haina cha kukamuliwa. Ni Grace aliyepata fikra. Alileta birika la umeme kutoka jikoni, akalichemsha mle chumbani kifuniko kikiwa wazi. Mvuke ukajaa, AC ikaumeza, na nje mpira ukaanza kudondosha. Nilikaa na ndoo yangu chini ya dirisha nikisikia birika likichemka, likijazwa, likichemka tena. Ndani, Bi Zuwena alikuwa amekaa kitandani amevaa sweta la marehemu mumewe, blanketi magotini, pua imekuwa nyekundu, akivuta uradi. Aliyepita barabarani angeona dirisha limefunikwa na ukungu akadhani tumefungua dobi.

Tulifanya hivyo kila siku kuanzia asubuhi hadi alasiri. Maji tuliyopata yalitosha mti, hayakuzidi. Tumba nyingi zilianguka. Kila asubuhi nilizikusanya chini kabla Bi Zuwena hajatoka, na nadhani alijua, kwa kuwa hakuuliza zimepungua vipi. Chache zilizobaki zilianza kufura na kuonyesha mstari mwekundu.

Nassor alipokuja Ijumaa na dawa za mama yake kama kawaida, aliingia chumbani moja kwa moja. Mimi nilikuwa nje chini ya dirisha, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Mama, wafanya nini? Waumwa? Mbona AC?"

"Nakamua hewa," Bi Zuwena akasema. "Maji yangu umeyamwaga."

Birika likazimwa, tak. Nikasikia kiti kikivutwa.

"Utapata nimonia kwa ajili ya ua," akasema Nassor.

"Nimefunga ndoa na mtu mmoja maisha yangu yote. Aliniahidi vitu vingi, na vyote alinipa ila hiki. Wataka nihamie kwenye lifti bila kukiona?"

Alitoka bila kuaga. Alipita karibu yangu, akaitazama ndoo, akanitazama mimi, nami nikaitazama ndoo. Nilikwenda kulala nikijua kesho nitaambiwa nifungashe virago. Sikuambiwa. Visa yangu aliendelea kuitengeneza mpaka siku niliyoomba mwenyewe kurudi nyumbani, na habari ya maji hakuitaja tena.

Ua lilifunguka asubuhi moja ya ukungu mwembamba. Nililikuta limekwisha jikunjua, moja tu, kubwa kama kiganja cha mtoto, jekundu tupu, petali zimepangwa moja juu ya nyingine kwa utaratibu ambao sijauona kwenye ua lingine lolote. Nilifurahi, nikakaa chini. Kisha nikagonga dirisha.

Bi Zuwena hakutoka mara moja. Alioga, akavaa leso mpya, akajipaka udi, akamwagiza Grace achume asumini chache zilizokuwepo na rehani, azitunge kikuba cha kuvaa kifuani, aache nafasi ya ua jekundu katikati. Alipokuwa tayari alitoka akiwa ameshika ukuta, akasimama mbele ya mti. Akaliangalia ua kwa muda mrefu. Akatabasamu, akainama, akafumba macho, akavuta pumzi.

Akavuta tena.

"Hamisi," akasema, "pua yangu imekufa?"

Nikainama. Nilinusa ukungu, nilinusa mboji, nilinusa udi wake. Ua lenyewe halikuwa na kitu. Grace naye akaja akanusa, akaniangalia, akasema polepole, "Hii haina harufu kabisa."

Vijana, nilikuwa naujua mti ule kwa udongo wake, kwa maji yake, kwa ukoo wake. Nilijua jani lake likiwa na kiu linakaaje. Na katika miaka yote hiyo, mimi, na Bi Zuwena, na marehemu aliyenunua kwa kutazama picha, hakuna aliyeuliza kama linanukia. Sisi watu wa pwani hatuulizi. Kwetu ua huanza puani, la kutazama tu ni la kupambia gari la harusi. Mzee Kutty nadhani alijua. Tulimuuliza habari za maji, naye akatujibu habari za maji.

Bi Zuwena alikaa kwenye kiti cha plastiki, kikuba mkononi. Hakulia. "Mtoto wa watu nimemtesa," akasema, na sikujua anamsema Nassor au ananisema mimi. Ndipo tukasikia gari la Nassor likiegeshwa nje. Akainua uso. "Asiambiwe na mtu," akasema. "Mmenisikia?"

Nassor aliingia na viatu alivyotoka navyo dukani, vina vumbi la manjano. Yule alikuwa mtu anayeishi kwa pua yake. Alikuwa akisimama mlangoni pa duka lake Al Ras, gunia la karafuu likipita limebebwa na kuli begani, akajua ni za mwaka huu au za mwaka jana kabla halijatuliwa. Wanunuzi walimwita atoke kwenye duka lake aje kuwanusia iliki za duka la pili.

"Limechanua," akasema.

"Limechanua," Bi Zuwena akasema. "Linanukia mpaka ndani. Njoo ulinuse ua la baba yako."

Nassor akaenda. Akainama, akaliweka ua karibu na uso bila kuligusa. Akakaa vile vile, ameinama. Grace aliutazama ukuta. Mimi nilishika ufagio lakini sikufagia. Kisha akainuka, akamgeukia mama yake, macho yamelowa.

"Linanukia, mama," akasema.

Bi Zuwena alimtazama mwanawe kwa muda. Akakiweka kikuba magotini, akanyoosha mikono yote miwili ili ainuliwe kitini.

"Basi twende, baba," akasema.